Chumba cha Usiku Tu

Mwaka huo tulikula unga wa njano. Tarakimu za mwaka sizijui, na wajukuu zangu wanaosoma wameshanisumbua vya kutosha: "Bibi, ilikuwa mwaka gani?" Ilikuwa mwaka wa unga wa njano, nimeshasema. Vita kubwa ya pili ilikuwa imekwisha, vijana wamerudi na makoti ya kijeshi, mvua ya masika ikaja siku tatu, ikaona haya, ikarudi ilikotoka. Huku mlimani, mwenye mfereji wa maji unaoshuka kutoka msituni migomba yake ilishika. Waliokuwa chini yetu walikula kila siku, nasi mara moja moja, ule unga uliokuja na meli, ukapanda gari moshi, ukafika Moshi ukiwa na harufu ya gunia. Ukiusonga ulinuka kama shuka lililounguzwa na pasi. Mama mkwe wangu aliuonja mara moja, akasema serikali imekosea, imetuletea chakula cha farasi. Halafu akamaliza sahani.

Mwaka huo ndipo nilipokwenda mjini kutafuta chumba.

Sababu nitaisema wazi, kwa sababu nimezeeka na sina wa kumwonea haya. Nilikuwa na miaka mitatu ndani ya ndoa na sikuwa na mtoto. Mume wangu alibeba magunia kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa mjini. Alilala kwenye banda la vibarua, wanaume saba, na mke haruhusiwi hata kuchungulia. Jumamosi jioni alipanda mlima kwa miguu, akafika ameshika kiuno, akala, akalala. Jumapili asubuhi kanisani. Jumapili mchana anateremka. Mimi nikabaki na mama yake, ambaye kila Jumatatu aliniangalia tumboni kama mtu anayeangalia mkungu wa ndizi usiotaka kukomaa.

"Wewe," aliniambia siku moja tukikata majani ya ng'ombe, "mwanangu anapanda mlima kila wiki kwa ajili gani?"

"Kulala, mama."

"Kulala tu?"

"Kulala tu. Anakoroma mpaka ng'ombe wanageuka upande wa pili."

Hakucheka. Alifunga mzigo wake wa majani, akaukaza kamba kwa goti, akaniambia hivi: kahawa ikishachumwa na kuanikwa, kama tumbo ni hili hili, atamtafutia mwanawe mke mwingine, na mimi nitarudi kwa baba yangu na kikapu changu. Alikuwa Mlutheri mzuri, benchi la mbele, lakini habari za wajukuu hakumwuliza mchungaji.

Nikaenda kuangalia kahawa. Ilikuwa bado ya kijani, ngumu kama changarawe. Nikasema, basi nina nafasi mpaka iwe nyekundu. Nitafute chumba mjini, nikae na mume wangu kama watu, tule pamoja, tulale pamoja, na asubuhi asiwe na mlima wa kumsubiri. Mume wangu nilipomwambia alifurahi, lakini yeye ni mtu wa kufurahi kimya kimya. Alisema, "Tafuta wewe. Mimi nikiona nyumba nasema nzuri."

Na kweli, mtu yule hajapata kuona kitu akasema kibaya. Ndiyo maana alinioa mimi, mmoja wetu awe na macho.

*

Chumba mjini wakati ule kilikuwa adimu. Askari waliorudi walivichukua, na wenye nyumba walijua. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja mwenye nyumba nyuma ya soko, vyumba vimezunguka ua, kuta za fito na udongo, juu bati. Alikuwa mtu wa mlimani kama sisi, ila wa ng'ambo ya mto, na alikaa mjini miaka mingi hata akajifanya amesahau Kichagga, isipokuwa cha kutukana. Alivaa koti la kijivu, shingoni skafu kwenye jua lile la Moshi. Adabu yake iliteleza kama ganda la ndizi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, marahaba sana. Mke wa kibarua, eh? Nyinyi ndio wapangaji ninaowapenda. Njoo kesho saa kumi na moja jioni nikuonyeshe."

"Hata sasa hivi nina nafasi."

"Kesho. Saa kumi na moja. Kabla ya hapo nina shughuli."

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa nilivyofanya. Huku kwetu mwenye ng'ombe wengi hawafugi wote nyumbani kwake. Huwaweka kwa watu. Wewe unamtunza ng'ombe wa mwenzio, unapata maziwa na mbolea, na ng'ombe anabaki wake. Mimi nimekulia kwenye nyumba ya ng'ombe wa watu. Baba yangu hakunipeleka shule zaidi ya madarasa mawili, na la pili sikulimaliza, lakini hili alinifundisha vizuri: kabla ya kupokea kamba, gonga kwato, shika kiwele, nusa mdomo, papasa mahali alipolala. Kisha mtafute aliyemtunza kabla yako, umwulize kwa nini alimrudisha. Na usimwangalie jioni akiwa ameshiba. Rudi asubuhi bila taarifa.

Nyumba sikuwahi kupanga. Nikafikiri, nyumba ya mtu na ng'ombe wa mtu vina tofauti gani?

Kesho yake saa kumi na moja akanifungulia mlango. Chumba kilikuwa kikavu, chokaa mpya ukutani, dirisha lenye ubao, kitanda cha kamba kimefunikwa blanketi. Nikaanza kugonga ukuta kwa vidole, toka pembe moja hadi nyingine.

"Mwanangu, unagonga nyumba yangu?"

"Nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Kama ni mgonjwa."

Akacheka kwa meno ya mbele tu. Nikanusa pembe zote nne, nikasukuma mlango, nikapiga sakafu kwa kisigino. Chumba kilikuwa kizima, naapa. Kwa muda nikaiona sufuria yangu pale pembeni, nikamwona mume wangu anaingia jioni anauliza tunakula nini. Nikaona na mtoto anatambaa. Nilikipenda chumba kile, nisiwadanganye. Halafu nikapapasa kitanda.

Kilikuwa na joto.

"Mzee, kitanda hiki kina joto."

"Bati hilo, mwanangu. Jua la huku chini, wewe umezoea baridi."

"Jua limeingia chini ya blanketi?"

"Jua la Moshi linaingia popote."

Ukutani palikuwa na koti kubwa la jeshi limetundikwa kwenye msumari. Nikauliza la nani. La marehemu kaka yake, akasema, analiweka kwa kumbukumbu. Pembeni palikuwa na rungu.

"Na rungu?"

"La kuulia panya."

Nikalinyanyua kwa mikono miwili. "Panya wenyewe wana ukubwa gani?"

Akaninyang'anya rungu taratibu, akasema karani wa barazani ataandika hati, Jumamosi nije na mume wangu nitie kidole, na nisichelewe kwa sababu kuna watu kumi wanakitaka. Nikamwuliza aliyekaa kabla yangu ni nani. "Mama mmoja," akasema, "amehamia Arusha. Akikumbuka chumba hiki analia."

*

Mama mwenyewe sikumkuta Arusha. Nilimkuta Kiboriloni sokoni, anauza magadi, baada ya kuuliza watu wawili tu. Alikuwa mnene, ana kicheko cha tumboni. Nilipomtajia mwenye nyumba aliweka chini kopo la kupimia.

"Alikwambia nimekwenda wapi?"

"Arusha. Na unalia."

"Ninalia, kweli ninalia! Hebu niambie, kitanda ulikipapasa?"

"Kilikuwa na joto."

Aliangua kicheko mpaka mteja wake akaondoka. "Mwenzangu, wewe una akili. Mimi nililala na joto hilo miezi minne, nikajua ni baraka. Nilikuwa natoka alfajiri kuja sokoni, narudi jioni. Siku moja nikapata homa, nikarudi saa nne asubuhi, nikakuta mwanamume kitandani kwangu. Nikapiga ukelele. Na yeye akapiga ukelele. Wake ukawa mkubwa kuliko wangu! Mwenye nyumba akaja mbio. Akamwambia yule mwanamume kwamba mimi ni mwendawazimu, nimepotea. Akanivuta pembeni akaniambia yule ni mlevi, amekosea mlango. Nikaamini! Nikamwonea huruma hata nikamwachia uji."

"Alikuwa nani?"

"Nenda asubuhi ukamwone mwenyewe. Gonga pole pole, ana moyo mwepesi."

Nikaenda asubuhi, jua limeshapanda, na ndoo ya ndizi kichwani nionekane nauza. Mwenye nyumba alikuwa sokoni akigombana na mchinja nyama, nilimpita nyuma. Nikagonga. Kimya. Nikasukuma mlango. Kitandani, chini ya koti la marehemu kaka, alilala mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, rungu ameliegemeza kichwani kama mtoto na mwanasesere.

"Hodi, baba. Shikamoo."

Akaamka akalishika rungu. Kisha akaniangalia vizuri, akalishusha. "Marahaba. Wewe ndiye yule mwendawazimu?"

"Hapana. Wewe ndiye yule mlevi?"

"Mlevi! Mimi ni Mwislamu, mama, sijapata kuonja hata pombe yenu ya mbege!"

Basi tukaelewana. Alikuwa mlinzi wa usiku kwenye maghala ya stesheni, analala mchana, alasiri anakwenda msikitini, kisha anarudi kuchukua koti na rungu lake. Alikaa pale mwaka mzima. Mwenye nyumba alimwambia usiku chumba kinafungwa kwa usalama wa vitu vyake, naye akashukuru, akaona amepata mwenye nyumba mwenye huruma. Nikamwuliza kama ana hati. Akaitoa chini ya mto, imekunjwa ndani ya kitambaa kisafi, alama ya kidole chake ipo chini, kubwa, nyeusi. Kusoma hakujua. Mimi najua kusoma herufi za chapa kwa sababu tulisomeshwa katekisimu tupate kipaimara, lakini nasoma kwa sauti na kwa kidole, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Nikamsomea. Ilisema chumba ni chake kuanzia jua linapochomoza mpaka jua linapozama.

Mzee alikaa kitandani akafikiri. "Kwa hiyo usiku mimi sina nyumba."

"Huna, baba."

"Mwaka mzima! Na mimi huko kazini nikinyeshewa najifariji: usijali, una chumba."

Akauliza kama nina muda wa kumsomea na jirani yake. Nikamsomea. Jirani akaita mwingine. Mmoja hati yake ilisema ua si wake, hata kuupita. Mwingine alikuwa amepangishwa mlango na dirisha lakini si kitanda, na kitanda alikinunua mwenyewe. Mpaka jua linafika kichwani nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti nasoma kama mchungaji, na ndizi zangu wamezila zote.

*

Mtasema, kwa nini Jumamosi nilikwenda barazani kwa karani? Nilikwenda kwa sababu kahawa ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Basi. Mti wa kwanza kando ya zizi ulikuwa umewiva upande mmoja, na mama mkwe wangu alikuwa ameshatoa mikeka ya kuanikia, ameipiga vumbi mbele ya macho yangu. Nikajiambia, labda mimi ataniandikia chumba kizima. Labda mzee mlinzi atahamishwa. Mtu mwenye shida ana labda nyingi.

Karani alikaa na taipureta yake kwenye baraza la duka, mwenye nyumba pembeni, mume wangu nyuma yangu amevaa shati la kanisani. Ilikuwa siku ya soko na watu walijaa, na wapangaji wa ule ua walikuwa wamesogea karibu, mzee mlinzi hakulala siku hiyo. Mwenye nyumba alinifungulia kikopo cha wino, akaninyooshea kama mtu anayempa mtoto peremende.

"Dole gumba, mwanangu. Hapa."

Nikachovya. Kidole kikawa cheusi. Halafu nikasema, "Ngoja kwanza nisome."

Akaangalia huku na huku. "Usome? Karani ameshasoma."

"Na mimi nisome."

Nikasoma kwa sauti, kidole cha mkono mwingine kinatembea kwenye mstari. Watu wakasogea. Nikafika pale: mpangaji atakitumia chumba kuanzia jua linapozama mpaka linapochomoza, na mchana atakiacha kwa ajili ya kuingiza hewa.

"Mzee," nikasema, "hewa hiyo nimeiona. Ina ndevu."

Wapangaji wakapasuka kwa kicheko. Mzee mlinzi akainua mkono juu watu wamwone. Mwenye nyumba hakutikisika, nampa sifa yake hiyo. Akageukia mume wangu. "Bwana, wewe mchana uko wapi?"

"Kiwandani," mume wangu akajibu.

"Basi chumba cha mchana unakitaka cha nini?"

Mume wangu akafikiri. Akaniinamia sikioni. "Mama watoto," aliniita hivyo ingawa watoto hatukuwa nao, aliniita hivyo kwa kunitia moyo, "labda usiku unatosha. Mchana utakaa hapa sokoni kivulini. Mimi nikitoka kazini tunaingia."

Sitaficha. Kidole changu kilianza kushuka. Niliona mikeka ya kahawa. Niliona kikapu changu na njia ya kwenda kwa baba. Nikasema moyoni, mchana ni kitu gani? Nitakaa kwenye ngazi za duka. Mvua ikinyesha nitasimama. Kidole kilikuwa kimebakiza upana wa jani kufika kwenye karatasi.

Hapo mwenye nyumba akashindwa kunyamaza. Angenyamaza tu, leo nisingekuwa na hadithi. Lakini alishaona ameshinda, akataka na watu wacheke upande wake. Akasema kwa sauti, "Mwanangu, mlimani kote wanajua unatafuta mtoto. Na mtoto anatafutwa usiku! Mchana ungekiweka cha nini?"

Soko zima likacheka. Hata karani. Masikio ya mume wangu yakawa mekundu kama kahawa ile.

Nikainuka. Nikakinyanyua kidole changu cheusi watu wote wakione, nikasema, "Sitaki. Kidole changu nimekuja nacho na nitaondoka nacho."

Nikaondoka. Mume wangu akanifuata. Tulifika mbali ndipo akasema, "Mke wangu, chumba kilikuwa kizuri." Nikamwambia najua.

*

Wino ule haukutoka. Nilisugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa ganda la ndizi mbichi, ukazidi kung'aa. Mama mkwe wangu alikiona kidole nikimpa maziwa.

"Umetia?"

"Sikutia."

"Kidole cheusi."

"Nilikitia kwenye wino tu, mama. Karatasi sikuigusa."

"Kwa hiyo umekwenda mjini ukarudi na uchafu." Akaenda kugeuza kahawa. Ilikuwa imeshaanza kuanikwa. Ile sauti ya mbegu zinavyokwaruza mkekani niliisikia mpaka usingizini.

Jumapili ya pili yake, tumetoka kanisani, tumekaa uani, mume wangu, mama yake na mimi, na mzee jirani wa upande wa juu aliyekuja kunywa mbege ambayo mchungaji hakuwa akiiona. Nani anatokea kwenye njia ya migomba? Koti la kijivu. Skafu. Anahema kama mvukuto, viatu vya mjini vimejaa udongo. Na mkononi ameshika jani la sale, refu, bichi, limefungwa fundo.

Kwa asiyejua: sale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Akikukosea mtu, akakuletea jani lake limefungwa fundo, umekwisha. Huwezi kumkatalia msamaha. Hata kama amemwaga damu ya ndugu yako, ukiliona jani hilo unanyamaza na kusikiliza. Hakuna anayelipuuza, Mlutheri wala asiye Mlutheri. Mwenye nyumba alijua. Kichagga alikisahau, hili hakulisahau.

Na kilichomleta nilikijua pia, mume wangu alikisikia mjini. Wapangaji wake waligoma tangu siku ile, kila mmoja anataka hati mpya, na walimwambia hawasikilizi neno lake mpaka yule mwanamke msomaji arudi atie kidole kwa hiari yake, wajue mambo yamekaa sawa.

Akapiga goti mbele yangu, mzee wa watu. "Mwanangu, nilikukosea mbele ya watu. Nimekuja na sale."

Mzee jirani akavua kofia. Mama mkwe wangu akanikazia macho: pokea. Nikapokea. "Nimekusamehe, mzee," nikasema, na nilimsamehe kweli, kwa lile neno la sokoni nilimsamehe.

"Aika, aika sana," akashukuru. Mara akaingiza mkono kwenye koti, akatoa hati ile ile na kikopo kile kile cha wino. "Basi kwa kuwa yamekwisha, tumalizie. Kidole tu."

Nikamwangalia mume wangu. Mume wangu akaangalia kibuyu cha mbege. Mama mkwe wangu akasema polepole, "Amekuja na sale. Ukimsamehe mtu umemsamehe."

"Nimemsamehe, mama. Lakini chumba..."

"Sale ni sale," mzee jirani akasema.

Mwenye nyumba alishafungua wino. Ningesema nini mbele ya jani? Nililigeuza mkononi, na hapo nikaona kitako chake. Halikukatwa. Lilinyofolewa, na udongo mwekundu umelishika. Mama mkwe wangu aliona ninachokiona. Akaangalia mikono ya mwenye nyumba, ina udongo. Akaangalia viatu. Akainuka, akashika njia ya mpakani, na sisi wote tukamfuata, mwenye nyumba nyuma kabisa.

Kwenye mpaka wetu na mzee jirani, masale yalisimama mstari mmoja tangu siku za baba mkwe wangu. Moja lilikuwa limeegama, udongo mpya miguuni. Mtu wa mjini huyu hakuja na panga, mkono umelegea kwa kukaa kivulini, akavuta jani, likaja na mti mzima na mizizi yake! Akaogopa, akauchomeka tena ardhini haraka haraka. Lakini hakuuchomeka ulipotoka. Aliuchomeka hatua moja nzima ndani ya shamba la mama mkwe wangu.

Mama mkwe wangu alisimama pale. Alipima kwa mguu. Akarudi akapima tena.

"Wewe baba," akasema, "umekuja kuomba msamaha kwa kuhamisha mpaka wangu?"

"Mama, liliteleza tu..."

"Tangu nimeolewa hapa hakuna aliyeligusa. Jua limekausha vijito, serikali imetulisha chakula cha farasi, mpaka umekaa. Umekuja wewe na skafu yako, mara moja tu, shamba limepungua!"

Mzee jirani akajikuna shingo. "Mimi kwa upande wangu," akasema, "sioni kosa. Liacheni lilipo."

"Wewe kanywe mbege yako!"

Mwenye nyumba akasema ataleta sale lingine, la kuombea msamaha kwa sale hili. Mama mkwe wangu akamwuliza hilo lingine atalinyofoa mpaka wa nani. Mume wangu, kwa mara ya kwanza na ya mwisho tangu nimfahamu, akasema kitu ni kibaya. Alisema, "Hii si nzuri." Halafu akachukua jembe, akalirudisha sale mahali pake, akakanyaga udongo kwa viatu vya kanisani.

Chumba tulikipata baadaye, nitangulize kusema. Mzee mlinzi alihamia kwa shangazi yake nyuma ya msikiti, na shangazi alikuwa na chumba cha pili, cha mchana na usiku, hati yake ni kushikana mikono mlangoni. Mwanangu wa kwanza alizaliwa humo, saa sita, jua kichwani. Mama mkwe wangu ndiye aliyeteremka na mtori wa ndizi wa kunilisha. Lakini siku ile mpakani hayo hatukuyajua. Tulijua tu kwamba kahawa ipo mkekani na sina mahali.

Na mwenye nyumba aliyajua hayo. Aliishika ile hati, imekunjamana, akamgeukia mama mkwe wangu kwa sauti ya chini. "Mama, mpaka umerudi. Mwambie mkweo atie. Mjini hapana chumba kingine, na najua wewe unataka mjukuu."

Mama mkwe wangu alikuwa bado anahema. Aliniangalia, na mara hii hakuniangalia tumboni. Aliniangalia usoni, kisha kwenye kidole changu chenye wino.

"Mjukuu nitamngoja," akasema. "Na habari za mke mwingine sizisemi tena. Wewe, ulimjibu nini huyu kule sokoni? Watu wananisimulia kanisani nami sijasikia mwenyewe. Mwambie tena. Maneno yale yale, usipunguze."

Nikamgeukia mwenye nyumba, hati yake na kikopo chake mkononi mwake.

"Sitaki. Kidole changu nimekuja nacho na nitaondoka nacho."